Mama Vifungo, Koti Bado Lipo

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu utuache asubuhi ile kabla chai haijapoa. Majirani walituambia machungu yatapungua. Yamepungua kidogo, na mahali pake imeingia hasira. Hatuoni sababu ya kukuficha hilo.

Mtaa mzima ulikuita Mama Vifungo. Pale kituo cha ustawi cha watu wetu wa Asia Kusini ulikuwa na chumba cha pembeni chenye cherehani moja, benchi na birika, na mlangoni kibao: Darasa la Ushonaji. Viatu vilikubana, ukivivua mara tu unapoingia, na jioni ukirudi nyumbani na ndara za kituo. Baba alichoka kukufuatia viatu.

Uliwajua watu wetu. Mtu wetu afadhali alale njaa kuliko kuonekana kwenye mlango wa msaada, maana kesho mke wa binamu atajua, na kesho kutwa ukoo mzima. Basi ukabuni njia yako. Mwenye shida alikuja na shati lisilo na kifungo. Akiulizwa njiani, anakwenda kushonewa. Wengine walikikata kifungo wenyewe pale kona, tukawaona, ukatuambia tutazame pembeni.

"Kaa kwanza," ulikuwa unasema. "Kifungo hakishonwi mtu kasimama."

Kisha ulishona polepole kuliko fundi yeyote. Mdogo wako, aliyekuwa anachemsha chai mle ndani, anasema mpaka uzi ukatwe, dereva wa teksi alikuwa ameshaeleza kwamba mwenye nyumba anamtoa, na bibi harusi mgeni ameshaonyesha mkono wake ulivyovimba. Baadaye ulishika simu, ukabembeleza, ukagomba, mpaka mtu akapata pa kulala. Sisi nyumbani hukutuletea jina hata moja. Tukikuchokoza ulicheka: "Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyinyi kunyweni maji."

Ulipokufa walitundika picha yako ukumbini, fremu ya dhahabu, na hotuba ndefu. Baada ya hapo wakakifunga chumba chako. Mwenyekiti wa kamati ya kituo alisimama mkutanoni akasema, "Marehemu tunamheshimu, lakini tuseme kweli. Miaka yote hii, nionyesheni fundi mmoja aliyehitimu humu."

Watu wakacheka. Mdogo wako alisimama kumjibu. Akatazama viti vya nyuma, akaona vichwa vinainama, kimoja baada ya kingine. Angejibu, angewavua nguo mbele ya kadamnasi. Akaketi tena. Usiku ule alilia kwa hasira mpaka sauti ikamkauka.

Sasa pale mbele kuna kaunta ya kioo inayotazama barabara, imeandikwa MSAADA kwa herufi kubwa. Haendi mtu. Na kamati inatamba: mnaona, watu wetu hawana shida. Hilo ndilo linalotuchoma, Mama. Yule bibi harusi mgeni, mdogo wako amemtafuta kila mahali, hajui yuko wapi.

Cherehani yako tuliikuta uani mwa kituo imenyeshewa. Tuliichukua, pamoja na koti la kijivu lililokuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chako, kifungo kimeshashonwa, mwenyewe hajalirudia. Koti hilo kila mtu kituoni analijua. Mwenyewe alikuwa halivui mkutanoni hata jua liwake vipi. Ndiye huyo huyo aliyetaka kuonyeshwa fundi.

Mwanao alitaka tuandike hapa jina la mwenye koti. Baba akakataa. "Mama yenu angenyamaza," alisema.

"Mama ndiyo," mwanao akajibu. "Mimi asante ya punda imenipiga kifuani."

Wakakutana hapa katikati, kama unavyosoma. Tukiwa tumekosea, utatugombeza tukionana. Kilichomleta kwako hatukijui wala hatumuulizi. Kukwama si aibu. Tunachomdai ni ule mlango, aufungue kwa wengine kama wewe ulivyomfungulia yeye.

Mpaka afanye hivyo, sebule yetu iko wazi. Watu bado wanakuja kumpa Baba pole, na pole haina mwisho wake. Wote wanaokuja, wamekuja kutoa pole. Tukiulizwa ndivyo tutakavyosema. Kama mkononi wana shati, hilo ni lao. Baba anashona vibaya sana, Mama, vifungo vinakaa upande na vidole vyake vimejaa matundu. Ila kwa kushona polepole, amekushinda.

Tunakukumbuka sote: mumeo, mwanao na mkewe aliyerithi birika lako, binti yako wa mbali, mdogo wako, wajukuu wanaogombania ndara zako, na kila mwenye shati lililofungwa kwa uzi wako. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Na lile koti tumelipiga pasi, linaning'inia nyuma ya mlango wa sebule. Mwenyewe akija kulichukua, Baba atamwambia akae kwanza.