Désiré Ameshusha Gari

Jumatatu, 4 Septemba 2000
Hospitali tena. Kidonda cha nyonga ya Mama kinasafishwa Gihundwe kila Jumatatu na Alhamisi. Tabu ni kumpandisha kwenye pikapu ya kaka yangu Désiré. Iko juu mno. Mimi nasukuma kutoka chini, yeye anavuta, Mama analia katikati. Désiré kasema ataitafutia dawa. Akisema hivyo, mimi kichwa kinaanza kuuma.

Jumatano, 6 Septemba
Ameishusha. Kaenda gereji Kamembe, kila springi ya nyuma kaitoa mabamba ya chuma matatu kati ya sita. Na mbele kalegeza. Fundi, Mzee Ramazani, alimkanya: "Papa, ile mabamba haiko pale ya bure. Ukiitoa, gari itapiga chuma kwa chuma." Pamba masikioni. Karudi anacheka, eti kule Bukavu tulikokulia kijana wa maana alikuwa na gari la chini. Kijana! Ana miaka arobaini na miwili.

Alhamisi, 7 Septemba
Haki yake nimpe. Mama aliketi kwenye kiti bila kuinuliwa na mtu. Akatabasamu. Dakika mbili.
Kisha barabara ya Giheke. Kila shimo, pu! Springi hazina tena pa kubonyea. Ekseli inapiga shasi, na pigo linapanda moja kwa moja hadi kwenye nyonga ya Mama. Kidonda kilifunguka. Muuguzi aliuliza tumemleta kwa gari au kwa kumburuta. Amesema kikizidi kuharibika, mguu utakatwa.

Ijumaa, 8 Septemba
Désiré ana akili mpya. Kapakia magunia manne ya mchanga nyuma, eti uzito utaituliza. Nikamuuliza, gari limeshalala chini, unalikandamiza liende wapi? Kanuna. Kaenda kulijaribu. Karudi na bomba la moshi mkononi.

Jumamosi, 9 Septemba
Basi rudisha mabamba! Hayapo. Aliwaachia wahunzi wa Kamembe, na sasa ni majembe. Mengine yatoke Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kwa vita vya huko vipuri havivuki. Nilikaa jikoni peke yangu nikatukana.
Mama naye amekata shauri: "Miye sipande tena mu ile gari. Afazali nikufe hapa hapa." Akageukia ukutani.

Jumapili, 10 Septemba
Keshokutwa ni kuchelewa. Lazima aende kesho.
Njia imebaki moja, ingobyi: machela ya kusuka ambamo wanaume wa kilima hiki huweka mgonjwa wakambeba mabegani, kwa zamu, hadi hospitali. Kila nyumba ina mtu kwenye chama cha wabebaji. Isipokuwa yetu. Mwaka jana Désiré alijitoa. Kwa barua, yenye sahihi! Aliandika kwamba mwenye gari habebi wala habebwi. Ikasomwa mbele ya watu wote. Tulifika hapa Rwanda kutoka Zaire mwaka 94, wako wanaotuita wageni hadi leo, na yeye anawapa sababu. Mjinga wa kutupwa.
Nimekwenda kwa Papa Karoli, mkubwa wa chama. Hakunifukuza. Alinipa kiti. Akasema tu kwamba aliyeandika barua ndiye aje.
Désiré anasema hawezi kujidhalilisha. Nimemwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake mkubwa. Sijutii hata moja. Akatoka bila koti, mvua inanyesha. Sijui kaenda wapi.

Jumatatu, 11 Septemba
Walikuja wanane, asubuhi. Désiré alikuwa kati yao. Alichomwambia Papa Karoli sikijui, na sitakiuliza.
Walimlaza Mama kwenye ingobyi, akafumba macho kwa woga. Désiré alishika mti wa mbele, kulia. Mwanzo alikuwa akikosea hatua, wenzake wakimrekebisha kwa sauti ya chini: fupi, fupi, usiruke. Hawakumcheka. Baadaye mwendo ukawa mmoja. Palipo na shimo, walilipita na mti haukutikisika. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu cha chakula.
Tulipofika bondeni nikasikia kitu. Nilidhani Mama analia. Nikakimbia mbele.
Alikuwa anakoroma.
Désiré alisikia pia. Mtu alitaka kumpokea zamu, akakataa kwa kichwa.
Muuguzi amesema mguu haukatwi, mradi Mama aendelee kuletwa hivi.
Jioni nilimkuta kaka yangu kizingitini, bega limevimba. Nilichemsha maji nikamkanda. Alhamisi watakuja tena saa moja asubuhi.