Kahawa ya Tatu

Kituo cha mabasi, Jajce, Bosnia
9 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Kwa heshima na majonzi makubwa nakutangazia kifo cha soksi ya mguu wa kushoto, miongoni mwa zile jozi tatu ulizonifumia kwa ajili ya safari. Ilifariki Alhamisi baada ya kuugua kisigino kwa muda mrefu. Imeacha mjane mmoja, soksi ya kulia, ambaye hali yake pia si ya kutia moyo.

Baada ya tangazo hilo, hujambo Mama? Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe wako mwenye pembe moja, bado anavunja ua wa kina Geraghty, au wamekwisha kupatana? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu ya Jumapili. Nisamehe. Kwenye simu hujawahi kuniacha nikamaliza sentensi, nami leo ninayo moja ambayo lazima ifike mwisho wake.

Mpango wangu unaukumbuka: siku sitini, nchi tisa, begi moja mgongoni, na kulala bure kwa wenyeji waliojiandikisha kwenye mtandao kupokea wapita njia kama mimi. Nilianza vizuri. Ljubljana nililala juu ya godoro la upepo lililokuwa halina upepo. Zagreb nikalala kwa mwalimu wa muziki mwenye paka sita, nikapewa kochi ambalo paka walidai ni lao. Kisha tarehe ishirini na tatu Juni nikafika hapa Jajce, nyumbani kwa Bi Razija, nikae siku mbili.

Bi Razija ni mjane wa miaka sitini na minane. Mwanawe Emir yuko Graz, Austria, na ndiye aliyeliandika jina la mama yake mtandaoni ili nyumba isiwe kimya. Kiingereza chake amejifunza kwa wageni, kwa hiyo akikukaribisha anasema kama Mholanzi, na akikukaripia anasema kama mtu wa Glasgow. Siku ya kwanza alinivua viatu mlangoni, akavifungia kwenye kabati, akanipa ndara za Emir, ambazo zinaishia katikati ya unyayo wangu. Nilipofungua dirisha alikimbia kulifunga, akaniambia upepo wa kupenya ndio uliomuua marehemu mumewe. Jirani aliniambia baadaye kwamba marehemu aligongwa na trekta. Nilipomweleza Bi Razija hivyo, alijibu kwamba ndiyo, lakini alikuwa tayari amedhoofishwa na upepo.

Sasa sikiliza, Mama, maana hapa ndipo mambo yaliponinasa. Katika nyumba ile hunywewa kahawa tatu. Ya kwanza ya kukupokea, ya pili ya mazungumzo, na ya tatu huja baadaye, haina jina mbele ya mgeni. Asubuhi ya siku ya kuondoka nilishuka ngazi na begi mgongoni, nikiliwaza basi la saa nne na nusu. Tukanywa ya kwanza, tukanywa ya pili, kisha akasimama na birika lake la shaba akaniuliza, Fintan, mwanangu, nikumiminie nyingine? Nikajibu kama ulivyonilea: hapana, asante sana, nimetosheka kabisa. Halafu nikangoja aulize mara ya pili, ili nikatae kwa sauti ndogo zaidi, na mara ya tatu niseme haya basi, kidogo tu.

Hakuuliza tena. Alinitazama, akaweka birika chini, akanivua begi mabegani na kulipandisha juu. Akarudi akasema kwamba ikiwa nimeamua kukaa, basi kuni za msimu wa baridi zimeshushwa uani, na yeye mgongo wake si wa kuni.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Kila asubuhi birika, kila asubuhi hapana asante, kila asubuhi kuni. Nilipanga magogo ukutani upande wa jua, safu juu ya safu, mpaka rundo likafika kwenye dirisha la chumba changu na kuliziba nusu. Dirisha lenyewe halifunguliwi, sasa na mwanga nao nikaukata kwa mikono yangu. Viatu kabatini, ndara za mtu mwingine miguuni. Wanawake wa mtaani wakaanza kuniita Fintan wa Razija, na kuniuliza bei ya viazi kama vile mimi ndiye ninayeipanga.

Aliyenifumbua macho ni jirani, mzee Nedim, mstaafu wa reli. Ilikuwa wiki ya pili. Alikuwa ameketi juu ya kuni nilizopanga, akizikosoa, akaniuliza mbona siondoki, je, nimeua mtu kwetu? Nikamweleza habari ya kahawa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ewe Mwairishi, hiyo ndiyo kahawa ya kumfukuzia mgeni! Ukiinywa, umeaga. Ukiikataa, umesema bado upo sana. Na Razija hawezi kukubembeleza uinywe, itakuwa kama kukusukuma nje kwa ufagio!" Nikamweleza na mimi desturi yetu ya chai, kwamba mtu mwenye adabu hukataa mara mbili kwanza. Akafuta machozi, akauliza kama kwetu watu hawafi kwa kiu. Nikamwambia tumezika wengi.

Basi ungedhani kesho yake niliinywa. Hapa, Mama, ndipo nakuomba ukae chini.

Zile kadi za posta za Budapest, Vienna, Krakow na Prague sikuzituma mimi. Kila wiki hulala pale sebuleni kwa Bi Razija mgeni mwingine wa usiku mmoja au miwili. Niliwaomba wanunue kadi huko waendako, waandike maneno niliyowapa, na wazitie posta. Uliniambia kwenye simu kwamba mwandiko wangu umenyooka tangu Budapest. Ule ni mwandiko wa Marijke, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Utrecht. Sijaiona Budapest. Nimeona kuni.

Hilo lakini ni dogo. Kubwa ni kwamba tangu Nedim aniambie, nimeikataa kahawa ile zaidi ya asubuhi thelathini nikijua maana yake. Kila hapana ilikuwa inaninunulia siku moja. Nilijifanya mfungwa wa adabu, na mlango ulikuwa wazi, kasoro viatu tu.

Nilichokuwa nakikimbia ni nyumba uliyonijengea, hatua ishirini kutoka mlango wako. Naijua vizuri kuliko unavyodhani. Najua ulimwambia fundi apime ili dirisha la jiko langu litazamane na la kwako, tupungiane mikono tukiosha vyombo. Ulinionyesha siku ile ukiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pako tangu Baba afariki, nami nikasema ni nzuri. Juzi Jumapili ukaniambia mapazia umekwisha tundika, na Padri Devaney anakuja kuibariki tarehe kumi na tano. Nikasema vizuri, Mama. Nikakata simu nikaenda kupanga kuni, na kuni zilikuwa zimekwisha.

Jana Bi Razija alitoa koti la Emir la baridi, akanijaribisha mbele ya kioo. Ndara hazijawahi kunitosha, lakini koti lilinikaa kama nimeshonewa. Akanifunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni, akarudi nyuma kunitazama, akasema "Eh, umekuwa wa hapa." Nikajiona kwenye kioo, nikaogopa. Niliona kwamba nimekimbia dirisha la mama mmoja nikajifungia kwenye dirisha la mama mwingine, na huyu wa pili hata hakuniomba.

Leo asubuhi alipouliza, nikasema ndiyo, nipe. Nilikunywa yote mpaka mashapo. Nilijiandaa kwa machozi yake. Akapumua kwa nguvu, akasema, "Mungu ashukuriwe! Jumatatu nakipaka rangi chumba, fundi nimemwahirisha mara nne." Akafungua kabati, akanirudishia viatu, vimepigwa rangi vinang'aa. Akanifungia burek, andazi lao la nyama, kwenye kitambaa, akanibusu mashavu yote mawili, akaniambia nisikae kwenye upepo.

Kwa hiyo Mama, sentensi yangu ndiyo hii. Nakuja nyumbani, na tarehe kumi na tano nitasimama kando yako Padri akiibariki nyumba, lakini sitaishi humo. Mpe Orla, binti wa dada yako, na wanawe wawili; wao watakupungia mkono mchana kutwa, mimi ningepunga nikiwa nimenuna. Mimi nitapanga chumba mjini Sligo, nitakuwa nakuja Jumamosi.

Nakujua. Utasoma hapa utatabasamu, uhesabu kwamba hii ni hapana ya kwanza, ya adabu, kisha uniulize tena. Ndiyo maana naandika zote hapa: hapana, asante Mama. Hapana, asante. Hapana. Zimetimia tatu, kama ulivyonifundisha.

Nisalimie kina Geraghty wote, na ng'ombe. Mwambie Padri Devaney maji ya baraka yasipotee, nyumba itapata watu. Goti lako ulipake ile dawa, usiiweke tu kwenye rafu uitazame. Nakukumbuka sana, na nakuogopa kidogo.

Ni mimi mwanao,
Fintan

Nimeuliza kwenye dirisha la tiketi. Basi la saa nne na nusu lilifutwa tangu tarehe moja Julai. Lipo la saa kumi jioni.