Nani Abaki Orodhani

Buffalo, New York
Machi 9

Kwako Dada Honorata,

Salamu zangu zikufikie hapo Fort Erie, ng'ambo ya mto, ukiwa mzima, wewe na shemeji Desmond. Binamu yetu Irka aliniambia mwezi wa kumi kwamba ulipasuliwa nyonga, daktari akakukataza ngazi, nawe ukapanda ngazi. Natumaini sasa unatembea bila fimbo. Mimi sijambo kiasi. Magoti yananisumbua theluji ikikaribia, na usingizi wangu siku hizi hauna adabu: unanijia saa nne asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, kisha unaondoka bila kuaga.

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na mmoja. Pengine umeiacha barua hii mezani siku mbili, au umempa Desmond aisome kwanza aone kama kuna msiba. Hakuna msiba. Kuna habari, nayo ni ndefu, na naomba unistahimili niisimulie kwa mwendo wangu, maana nikianzia mwishoni nitaikunja karatasi niitupe kama nilivyozitupa nyingine tatu.

Kwanza, nimestaafu. Niliiacha maktaba ya shule baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwaambia watoto wanyamaze, na nyumba ya Baba ikawa kimya kuliko nilivyowahi kuomba. Asubuhi za baridi ukungu unapanda kutoka ziwani, unafuta jengo moja moja, mpaka mtaa mzima unabaki dirisha langu tu. Nikiwa katika hali hiyo, nusu macho, nusu ndotoni, ndipo nilipoanza kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Usinicheke, wenzangu wa rika langu wanakesha kwenye karata. Tupo kama kumi na wawili hapa mjini. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana asubuhi kwenye maktaba ya mtaa, kila mtu na kompyuta yake, sanduku la donati katikati, na tunabishana juu ya mambo ambayo mtu mwenye shughuli zake asingeyavukia barabara.

Mwezi Januari ubishi ulikuwa wa benki. Chini ya kila ukurasa wa benki kuna kisanduku chenye majina ya benki kubwa za Marekani, ili msomaji aruke kutoka moja hadi nyingine. Sasa kila mtu alikuwa akiongeza benki ya kwao. Mmoja alitia hata chama cha akiba cha walimu wa mji alikozaliwa. Ikabidi tukubaliane ipi ni kubwa, na ipi ni ya Marekani. Ukubwa haukutusumbua: tulichukua jedwali la serikali, tukapiga mstari kwenye dola bilioni mia moja, wenye benki zilizobaki chini wakanuna, yakaisha. Kilichotushinda ni hilo la pili, na kilitushinda kwa sababu ya Ostrander.

Ndiyo, Ostrander ile ile, ambayo Baba alikuwa bawabu wake miaka thelathini, na koti lake la vifungo vya shaba, akiwafungulia matajiri mlango na kuwauliza habari za mama zao. Siku hizi, kama ujuavyo, ni mali ya benki ya Toronto. Jina limebaki mlangoni, makao makuu yamebaki hapa, ila hisa zote ziko kwenu huko Kanada.

Bwana Fenn, wakili wa kodi, mtu anayekula donati kwa uma, akasema iondolewe. Alisema mwenye mali ndiye mwenye jina, na benki ikishanunuliwa na Wakanada ni ya Kanada, hata ikipeperusha bendera yetu juu ya paa. Bi Rosalind Tubbs, aliyekuwa keshia wa Ostrander enzi hizo, akamwambia, "Hebu niondolee balaa, Eugene. Wewe mwenyewe kampuni yako ilikununua tangu mwaka wa tisini, mbona hatujakufuta?" Chumba kizima kikacheka. Fenn hakucheka. Alisema orodha haina huruma, orodha ina ukweli. Hapo Bi Tubbs akaweka kikombe chini, na nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Haya, msichana akiolewa ng'ambo ya mto, kwao wanamfuta? Mama yake akiulizwa ana watoto wangapi, anamruka huyo?"

Hakuwa akinitazama mimi, na hajawahi kujua kama nina dada. Lakini masikio yangu yalipata moto, nikajifanya natafuta leso mfukoni.

Desturi yetu ni kwamba ubishi ukikwama, anachaguliwa mtu ambaye hakusema neno, apime hoja za pande zote na kuandika uamuzi. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa kama gunia, nikachaguliwa mimi. Nikawaambia siwezi, marehemu baba yangu alikuwa bawabu wa Ostrander. Fenn akasema bawabu hana hisa. Bi Tubbs akauliza kama ni yule Klimek wa mlangoni, aliyekuwa akimwita malkia kila asubuhi, hata asubuhi alizochelewa. Nikasema ndiye. "Basi andika, mwana wa Klimek," akasema, "na ole wako utupendelee."

Wiki mbili niliikalia kazi hiyo. Alasiri moja nilikwenda kusimama mbele ya benki. Theluji ilikuwa ikianguka polepole, ile ya mapande makubwa yasiyo na haraka ya kufika chini, na watu walipita bila sauti ya viatu. Mlango siku hizi unajifungua wenyewe. Nilisogea, ukafunguka, nikarudi nyuma, ukajifunga, nikasogea tena. Nilifanya hivyo mpaka mlinzi akatoka kuniuliza, kwa upole, kama nimepotea njia. Nilimjibu hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa namngoja Baba atoke, na kwa dakika zile sikuona ajabu yoyote kumngoja.

Kutoka hapo nikaendesha hadi mtoni, nikakaa garini na samaki wangu wa kukaanga, maana Kwaresima ilikuwa imeanza. Barafu ilikuwa ikiteremka vipande vipande. Ng'ambo yenu ilionekana, ikapotea katika ukungu, ikaonekana tena. Nilijaribu kukisia paa lako ni lipi, na katika kukisia nikasinzia, nikaota umekaa kiti cha pembeni yangu na ile skafu yako ya kijani, unanilaumu kwa kutia chumvi nyingi. Nilipozinduka samaki alikuwa amepoa. Kutoka kwangu hadi kwako ni dakika ishirini, ukiacha foleni ya daraja.

Sasa, katika kamusi yetu huandiki neno bila ushahidi. Nilihitaji tarehe ya mauzo ya Ostrander kama ilivyochapwa gazetini. Nikaenda maktaba kuu, nikaomba filamu za magazeti, zile za kusomwa kwa mashine, za Novemba ya mwaka ule aliofariki Baba. Wiki nilikuwa naijua. Hata kwenye mazishi watu walinong'ona juu ya mauzo hayo mbele ya jeneza, wakisema afadhali mzee hakuyasikia. Habari ya benki niliipata ukurasa wa kwanza, nikainakili. Ningeweza kuizima mashine hapo hapo. Mkono wangu uliendelea kuzungusha, kurasa zikapita nyeupe na nyeusi, mpaka zikafika tanzia.

Unaijua. Irka alinieleza kwamba ulilinunua gazeti hilo kwenye kituo cha mafuta asubuhi ya mazishi, ukiwa umeshavuka daraja, umevaa nyeusi, na keki ya mbegu za mpopi kwenye kiti cha nyuma. Ulisoma: "Marehemu Tadeusz Klimek ameacha mtoto wake wa pekee, Zenon." Ukageuza gari. Krismasi ile kaki yako, ule mkate mwembamba wa kumegeana mezani, haikuja kwa posta, wala haijaja tangu hapo.

Uamuzi wa benki niliuandika siku ile ile, nimekaa mbele ya ile mashine. Niliandika kwamba Ostrander ibaki, kwa kuwa leseni yake ni ya hapa, sheria inayoibana ni ya hapa, na milango yake inafunguka hapa. Kwamba kumilikiwa na wengine ni jambo la kuelezwa kando ya jina, na si sababu ya kulifuta jina. Fenn alisoma mara mbili, akasahihisha koma, akasema hoja imesimama. Wote walinipongeza. Bi Tubbs peke yake aliniuliza, tulipokuwa tukivaa makoti, mbona nina sura ya mtu aliyeshindwa kesi. Nikamweleza yote, pale pale karibu na mlango. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga vifungo vyake, akasema, "Sasa mimi unaniambia ya nini? Mwenyewe yuko hapo ng'ambo. Mwambie yeye, mwanamume mzima we!"

Basi nakwambia, Dada.

Baba hakukutoa. Siku nne kabla hajafa, mchana, alinitaka nichukue karatasi. Alisema hataki tanzia yake iandikwe na mtu wa mazishi asiyemjua. Alinitajia kijiji alikozaliwa, parokia, Ostrander, na Mama. Kisha akasema, "Andika, ameacha Honorata, halafu Zenon. Mkubwa kwanza." Nilikuwa nimemwogesha siku hizo zote, nimembeba hadi chooni, nimemlisha supu kwa kijiko miaka miwili, naye aliposema jina lako alitabasamu jinsi ambavyo hakuwahi kunitabasamia mimi. Niliandika kama alivyosema. Alipokwisha kufa nikaipeleka karatasi gazetini, na kwenye maegesho, injini ikiwaka, nikalikata jina lako kwa kalamu na kuandika "wa pekee". Ilikuwa kazi ya sekunde chache. Irka alipouliza, nikamwambia ndivyo Baba alivyotaka. Nikamwacha akuletee maneno hayo. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo umeishi miaka yote hii ukiamini baba yako alikufa amekukana. Hilo nililifanya mimi, kwa wivu, na naona haya mpaka leo. Nimegundua pia kwamba watu wanaokusanya habari za koo mtandaoni wameinakili tanzia ile: Tadeusz Klimek, mtoto mmoja. Nimewaandikia wote wasahihishe. Wawili wamejibu kwamba wanataka ushahidi.

Nimeiandika upya, kwa maneno ya Baba. Gazeti limekubali kuichapa, ingawa binti wa pale aliniuliza mara mbili kama nasahihisha kifo cha mwaka gani. Nakala iko ndani ya bahasha hii, pamoja na karatasi yenyewe ya siku ile. Sikuitupa. Utaona jina lako chini ya mstari wangu wa wino, bado linasomeka. Nimewaomba wasichape mpaka nipate neno lako, kwa sababu jina ni lako, na nimeshaligusa mara moja bila ruhusa. Ukisema hapana, itakuwa hapana. Ukitaka kuja kunitukana ana kwa ana, sufuria ya kahawa iko pale pale, na mlango nitaufungua mimi mwenyewe.

Sikuombi unisamehe leo. Najua ningekuwa wewe ningekasirika. Nilitaka tu usiendelee kulala hata siku moja zaidi ukidhani hukupendwa.

Nisalimie Desmond, na mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapomwomba mwenyewe. Irka anakusalimu, hajajua bado, nitamwambia Jumapili baada ya misa. Jihadhari na ngazi.

Mimi ndugu yako,

Zenon,
mtoto wa pili wa Tadeusz Klimek