Tundu la Kiti cha Gari la Mbio

Marahaba, Rahma mke mwenzangu. Sisi huku Bagamoyo wazima. Babu yako, mume wetu, miguu inamsumbua, lakini msikitini anafika.

Picha ya gari uliyonitumia nimeiona, limeng'arishwa kama jipya. Unauliza kama ndilo lililonibeba siku ya harusi yangu, maana mafundi wanaolikarabati huko Marekani wanasema kiti kilitoboka kwenye ajali ya mashindano.

Ndilo hasa. Ajali ya wapi? Mmarekani aliyekuja kushindana nalo hapa, miaka ile baada ya Uhuru, alimuuzia jirani yetu Mzee Salim, naye akatuazima linipeleke kwa mume, kijijini Zinga. Somo wangu aliyenifunda, Bi Mwanaidi, akasema bibi harusi hapandi gari linalonuka petroli. Akaweka chetezo cha udi kitini. Kaa la moto likadondoka, kiti kikaungua tundu.

Nilikuwa nachungulia dirishani. Nikajua harusi imeharibika. Mzee Salim akaja, akainama, akanusa.

"Petroli na moto," akasema taratibu. "Mngetulipua mtaa mzima. Alhamdulillahi, sote tu wazima. Haya, bibi harusi apande."

Bi Mwanaidi akafunika tundu kwa kanga, nikaketi juu yake. Mzee akaendesha polepole, hata baiskeli zikatupita.

Miaka yote nilidhani limeishia kwenye vyuma chakavu, kumbe lilirudishwa kwao Marekani. Leo moyo wangu umetua. Waambie mafundi rangi wapake waitakayo, ila kiti wasikishone. Na wewe ukifika kwenye gari, inama pale unuse kama udi bado upo.

Bibi yako,
Mwanahawa