Skrubu Ndefu za Shemeji

Same, 3 Februari 2025

Kwako shemeji Januari,

Salamu zikufikie huko kwenye barafu. Huku tu wazima, ila jua ni kali na mke wangu Clara miguu inamvimba akisimama sana. Kifua chako kimetulia? Mpwa wangu Dorotea na watoto wake hawajambo?

Nina shida ya ufundi. Ile bastola yangu ndogo ya kibali, ninayoivaa chini ya koti nikipanda milimani kununua tangawizi, siku hizi silengi kitu. Alama ya mbele naiona ukungu mtupu. Nimenunua Arusha kile kioo cha nukta nyekundu: unaiweka nukta juu ya kitu, basi. Kimekuja na bamba la kukalia, na skrubu jozi mbili, fupi na ndefu. Muuzaji alitaka nimwachie bastola wiki nzima, nikakataa. Tangu mnunuzi mwenzangu avamiwe kule mteremkoni, sipandi bila hiyo.

Wewe ulifunga darubini kwenye bunduki za wawindaji miaka yote. Nitumie skrubu zipi?

Shemeji yako,
Elinaza


Mississauga, Kanada, 9 Februari 2025

Shemeji mwenye macho ya popo,

Salamu zako nimezipokea kwa picha ya barua kwenye simu, nikazipasha moto kwanza maana zilifika zimeganda. Kifua kipo, kinakoroma chenyewe. Dorotea mzima. Wajukuu wananipa shikamoo, kisha yote yanayofuata ni Kiingereza, nami naitikia "yes" kwa kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeahidi kuwanunulia mbwa.

Umeuliza kwa mwenyewe. Niko kwa Murad, Mwismailia mzaliwa wa Upanga, mwenye ukumbi wa kulengea shabaha. Huku kuficha bastola kiunoni ni marufuku. Zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli, zinatolewa kutoboa karatasi, zinarudishwa kulala kama vichanga. Hizo nukta nyekundu nazifunga kila siku, kama wewe unavyofunga kamba za viatu, tena mimi siinami.

Sikiliza basi. Hakikisha haina risasi, hata kwenye chemba ya mtutu. Futa mafuta yote, weka bamba, weka kioo, tone moja la gundi ya skrubu; nimesema tone, si kama unavyojipakulia asali. Skrubu tumia ndefu. Ndefu ndiyo inayoshika. Fupi ni za watu wenye mashaka. Halafu chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Ukikatika, ujue imelegea.

Ukishindwa mpe Clara, atafunga huku anapika.

Shemeji yako, fundi,
Januari


Same, 21 Februari 2025

Shemeji fundi,

Hatujambo, na nyinyi mwendelee hivyo. Nimefunga kama ulivyosema, ndefu. Nimejaribu risasi moja tu shambani, maana kuzipata ni kazi, ikapiga kopo katikati. Clara alipiga makofi. Ganda la risasi lilikwama kidogo, nikalitoa kwa kidole. Nadhani ni ugeni tu. Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mume wake hana adabu ila ana mikono. Leo nimekubali.

Shemeji yako,
Elinaza


Mississauga, 12 Machi 2025 (haikutumwa)

Elinaza,

Leo sina mzaha. Mteja kaleta kibastola kama chako, kila risasi inakwama. Murad akafungua nukta, akainua skrubu kwenye mwanga, akasema kwa Kiswahili ili mteja asielewe, "Nani kaweka ndefu hapa? Anataka mwenzake afe?"

Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Nikamuuliza kama mtu asiyehusika. Akanionyesha: chini ya tundu la skrubu ya kulia kuna kikucha kinachovuta ganda. Skrubu ndefu inakikandamiza, ganda linabaki ndani, risasi ya pili haiingii. Bunduki za wawindaji zina chuma kinene, ndefu haidhuru. Kukwama kwa ganda lako si ugeni, shemeji. Una risasi moja tu, halafu umebeba chuma cha kupondea karanga.

Tena sijawahi kufunga nukta hata moja. Kwa Murad nafagia maganda na kumwaga takataka. Ulivyoniita fundi, mtu ambaye huku naitwa tu yule mzee, nika


Mississauga, 14 Machi 2025

Kwako shemeji mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta salama wewe na Clara, na miguu yake imepungua. Sisi wazima.

Shemeji, nimeota. Dada yako kanijia, kavaa kanga yake ya njano, kakaa kwenye ukingo wa kitanda kama alivyokuwa akinisuta. Kasema, mwambie kaka asivae kile chuma. Nikamuuliza kwa nini, akainuka akaenda zake. Sasa mimi ni Mkatoliki wa darasa la nne, sijui kufasiri. Ila ifungie kabatini mwezi huu, na mlimani usipande peke yako. Fanya hivyo kwa ajili yake.

Shemeji yako,
Januari


Same, 19 Machi 2025

Shemeji mwota ndoto,

Salamu na upendo. Nimecheka mpaka Clara akatoka jikoni. Dada angekuwa na neno na mimi, kwetu anapajua. Asingepanda ndege mpaka Kanada kwanza. Acha kula usiku. Mimi mzee wa kanisa siendeshwi na ndoto. Ijumaa napanda, tangawizi imekomaa, na nukta yangu ninayo.

Shemeji yako,
Elinaza


Same, 6 Aprili 2025

Kwako shemeji Januari,

Mkono ni wa Clara, maneno ni yangu. Salamu. Afya yangu utaisoma hapa chini.

Ijumaa ile walinizuia kwenye kona ya juu, watatu, wana mapanga. Nilifyatua moja hewani, wakarudi nyuma. Nilipowalenga, bastola ikafa. Nilivuta na kuvuta. Wakaona. Mkono wa kulia umekatika mfupa na mshipa. Daktari anasema vidole havitashika tena. Biashara nimewaachia wengine. Bastola iko polisi, wananiuliza niliitunzaje.

Lakini silo ninaloandikia. Nakuomba msamaha, shemeji. Dada alituma neno kwako, nami nikamcheka maiti. Nimesimama kanisani nikaungama, wakaniombea. Ninyi mnaonana ndotoni. Akija tena, mwombe anisamehe.

Shemeji yako,
Elinaza


Mississauga, 7 Aprili 2025

Elinaza,

Nakusalimu, na Clara namsalimu. Clara, msomee yote, usiruke neno kwa kunionea huruma.

Dada yako hakunijia. Hakukuwa na ndoto. Kanga ya njano nilimvika mimi. Kulikuwa na skrubu. Ile ndefu ndiyo iliyoifisha bastola yako, na mimi ndiye niliyekwambia ndefu, na tangu tarehe kumi na mbili Machi nilikuwa najua. Niliandika ukweli siku ile, nikauchana, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mzee anayefagia, na nilitaka uendelee kuniita fundi. Basi nikamtuma marehemu akasemee uongo wangu.

Ijumaa ile tangu nilipoamka nilikuwa na simu mkononi, jina lako limetokea kwenye kioo. Nikasema nimalize kwanza kufagia.

Wapeleke polisi barua yangu ya Februari. Waambie wafungue kioo, waangalie skrubu ya upande wa kulia, wasikubebeshe uzembe usio wako. Jumapili simama tena kanisani, uwaambie hukumkosea dada yako. Jina langu litaje.

Dorotea nimemwambia yote.

Na usiniombe msamaha tena. Mtu aliyekuwa anajua haombwi msamaha.

Januari