Kikohozi cha Ghaini

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kompyuta imegoma tena. Nimeipigapiga ubavuni kama naamsha mgonjwa, nikasoma Bismillahi, ikawaka. Alhamdulillahi! Lakini inanguruma kama mashine ya kusaga, na kioo kimeota mstari wa kijani katikati. Haina siku nyingi hii.

Manal yuko kwangu wiki hizi mbili. Binti yangu Khulud kamleta kutoka Mbweni ili wafungashe kwa nafasi. Azan mkwe wangu kapata kazi Muscat dukani kwa baba yake mdogo, wanaondoka Jumapili tarehe 17. Mjukuu wangu wa pekee! Mungu ndiye mpaji.

Leo kakalishwa juu ya mito miwili mbele ya kompyuta. Kapitisha mshale juu ya alifu, na babu yake akamtamkia: "Alifu." Hajawahi kumwona. Lakini kamjibu, "Alifu," kwa adabu kabisa, kama mtu kasalimiwa.

Mume wangu Twaha, Mungu amrehemu, aliitengeneza kazi hii ya herufi wakati ule yuko intaneti kafe ya Mwenge, enzi watu wanapanga foleni kusoma imeili. Aliiweka mtandaoni, hadi watu wa Tanga wakawa wanaifungua. Mshale ukipita juu ya herufi, anaitamka. Ukibonyeza, picha inaamka. Be, mlango unafunguka. Jimu, ngamia anatembea. Ghaini, kunguru anaruka — tena kunguru wa hapa hapa Dar, mwenye shingo ya kijivu, mwizi mwizi. Na kwenye ghaini alikohoa. "Ghaini — khoh!" Nilimwambia rudia. Akasema, Mama Khulud, ndege ndiyo kwanza zimepumzika, nikirudia zitaanza. Ndiyo Kipawa hiyo, uwanja wa ndege uko mlangoni. Ikabaki hivyo.

Basi watoto wote waliopita chuo changu cha Kurani hapa barazani wanasoma ghaini na kikohozi chake. Sheikh mmoja alinisimamisha njiani: Mwalimu Mwanakombo, wanafunzi wako wana mafua?

Tovuti ilishakufa. Mwenyewe katangulia. Kimebaki kilichomo kwenye hili debe linalonguruma. Nimemwambia Khulud kwenye simu nataka Manal aondoke na herufi za babu yake. Kasema, Mama, programu za alifu be te zipo mia kwenye simu, pakua moja tu.

Mia! Na Twaha ni wangapi?

Nimeazimia. Herufi hizi zitaingia kwenye simu kabla ya tarehe 17, inshallah.


Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baada ya watoto kutoka chuoni nimekwenda kwa Clara, steshenari ya pale kona. Clara tumezeeka pamoja, yeye na rozari yake, mie na tasbihi yangu, na tunagombana kuhusu chumvi ya mihogo tu. Amekuja nyumbani, ameitazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Dada, hii ni Flash. Simu hazisomi Flash."

Akaitwa dukani, mteja wa fotokopi. Hakumaliza.

Lakini mie nimeshaelewa. Ishu ni flashi tu! Kesho kutwa Kariakoo.


Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimenunua flashi yenye midomo miwili, mmoja wa kompyuta, mmoja wa simu. Muuzaji kaniambia hii mama hata simu inasoma. Nikasema, hiyo hiyo!

Nimekaa mwenyewe. Nimelihamisha folda zima la Twaha kwa mkono wangu, jasho likinitoka kama nahamisha mayai. Nikachomeka kwenye simu. Bismillahi. Nikabonyeza.

Karatasi nyeupe yenye alama ya kuuliza. Basi.

Nimempelekea Clara. Alicheka hadi akakaa chini kwenye boksi la karatasi. "Mwanakombo jamani! Si flashi hiyo!" Nami nikacheka, ingawa moyoni sikupenda.

Kanieleza pole pole. Flash anayosema yeye ni lugha. Zamani picha zote za kuchezacheza mtandaoni ziliandikwa kwa lugha hiyo. Ilitengenezwa kwa kompyuta za mezani, zenye mausi na umeme wa ukutani. Simu zilipokuja zikaikataa — nzito, inakula chaji, ina matundu ya wezi. Mwishowe wenye nayo wakaifunga kabisa, hata kompyuta mpya haziisomi. Yangu inaisoma kwa sababu haijawahi kuguswa tangu Twaha.

Yaani walikaa kikao wakaizika, na sie wafiwa hatukuambiwa.

Nikamuuliza, kwa hiyo haiwezekani? Kasema, sijasema haiwezekani, nimesema hazisomi. Nimelishika neno hilo. Flashi nimeifunga kwenye pindo la kanga, isije ikapotea bure.


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Maduka mengi yamefungwa. Nimeswali, nimeomba, nimepika wali wa nazi.

Khulud kapiga. Nikamwambia habari za Flash, akasikiliza hadi mwisho. Halafu: Mama, wewe unaisikia kila siku, umezoea. Mie sijaisikia sauti ya Baba tangu matanga. Sitaki kuwa naosha vyombo Muscat halafu anaita "dali" kutoka sebuleni.

Mie nilidhani anadharau, kumbe anaogopa.

Lakini mtoto ana haki kwa babu yake. Hofu ya mama yake haiondoi haki hiyo. Naendelea.


Jumatatu, 11 Agosti 2025

Astaghfirullahi! Siku ya leo!

Nimekwenda Mwenge kwa fundi simu, Khalfani, karibu na wachonga vinyago. Watu wanamsifu. Kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama." Marahaba baba. Nataka Flash kwenye simu yangu.

"Kuiflashi tu? Hilo dogo mama. Kaa hapo kwenye kivuli."

Nikajisemea moyoni, kumbe Clara anajitia kujua! Nimekaa, navuta tasbihi, naangalia mtu anachonga twiga. Khalfani akaniita, simu inameremeta.

"Tayari mama. Nyepesi kama imetoka dukani."

Nyepesi kweli. Haina kitu! Picha za Manal toka mchanga, namba za wazazi wa chuoni, salamu za sauti za Khulud anazonitumiaga kila Ijumaa — hakuna. Kumbe kwao kuiflashi simu ni kuifuta yote na kuianzisha upya.

Khalfani kajishika kichwa. "Mama, si ulisema flashi?"

Nilisema, baba. Kweli nilisema.

Aliniomba radhi, nami nikamwomba. Hakutaka kupokea hata senti. Nimelia kidogo kwenye bajaji, dereva akaniwekea kaswida bila kuniuliza kitu. Mungu ambariki.

Nimewaza njia nzima. Jina moja limebeba vitu vitatu: cha kuhifadhia, lugha ya Twaha, na kifutio cha Khalfani. Mie niliyewafundisha watoto wa watu kwamba be, te, the umbo lao moja, kinachowatenganisha ni kitone! Kila siku nasema, angalia kitone kwanza. Nimekwenda Mwenge nikasahau kitone.


Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimeamka na nguvu. Simu imefutika, imefutika. Kazi ya Twaha haikuwemo.

Clara alinipokea kwa "pole", halafu hakujizuia, "lakini Mwanakombo wewe!" Halafu akanipa habari njema. Kauliza kwenye kundi la wenye steshenari. Mmoja kamjibu: wapo watu, huko duniani, wanajitolea tu, wametengeneza kitu kama mkalimani. Unakiweka pamoja na kazi ya zamani, chenyewe kinaisoma Flash na kuitafsiri kwa simu, neno kwa neno. Si zote zinazokubali. Nyingine nusu nusu.

Wanajitolea! Hawamjui Twaha wala Kipawa. Nimewaombea, wawe dini yoyote.

Clara kasema nimpe siku mbili, akipata nafasi kwenye kazi za watu.


Jumatano, 13 Agosti 2025

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Umeme ulikatika asubuhi. Adhuhuri ukarudi kwa kishindo, taa zikang'aa ghafla, na kompyuta ikatoa moshi. Moshi, ndani ya ukumbi wangu, mbele ya watoto. Nikawatoa wote nje, nikachomoa waya. Harufu ya plastiki hadi sasa.

Manal kauliza, "Babu kaungua?"

Nikasema hapana. Sikujua kama nasema kweli. Halafu mkono wenyewe ukashuka kwenye pindo la kanga.

Flashi! Flashi yangu ya midomo miwili, niliyochekwa nayo! Folda lote nililihamisha siku ile kwa ujinga wangu. Nimekimbia kwa Clara na ndala moja. Kachomeka. Lipo. Lote lipo!

Ya Rabbi, unamwongoza mtu hata kwa kukosea kwake.


Alhamisi, 14 Agosti 2025

NGAMIA ANATEMBEA KWENYE SIMU!

Acha nitulie. Clara alifunga mlango wa duka mchana, kaweka kibao "Nakuja sasa hivi", tukakaa ndani wawili na feni. Kapandisha kazi ya Twaha pamoja na yule mkalimani mahali mtandaoni, akanipa anwani, nikafungua kwenye simu yangu. Nafasi tele, si imefutwa! Duara likazunguka, likazunguka. Halafu herufi zote zikatokea, zile zile, za kijani na dhahabu. Nikagusa jimu. Ngamia huyo. Nikagusa be, mlango ukafunguka. Kunguru akaruka!

Tulipiga vigelegele, mpita njia akauliza kuna harusi?

Halafu nikatulia. Kimya. Picha zote bubu.

Tumepandisha sauti hadi mwisho. Tumejaribu simu ya Clara. Bubu. Clara akachunguza muda mrefu, miwani kwenye ncha ya pua, ndipo akaona. Picha Twaha aliziweka kwenye kubonyeza. Sauti aliziweka kwenye kule kupita, mshale ukipita tu juu ya herufi bila kubonyeza.

"Sasa dada, simu ina mshale?"

Haina. Kidole kinagusa au hakigusi. Hakuna kupita juu juu.

Nikamuuliza, haiwezi kuhamishwa, sauti ikakaa kwenye kubonyeza? Kasema ingewezekana kwa daftari la asili la Twaha, ile kazi kabla haijafungwa. Hiyo ilikuwa kwenye folda jingine ndani ya kompyuta iliyoungua, na mie sikujua kuihamisha. Hii tuliyonayo ni mkate umeshaokwa, huwezi kutoa sukari.

Yaani ngamia kavuka, mwenye ngamia kabaki ng'ambo.

Sikati tamaa. Nimemwambia Clara hivyo, naye kasema, najua, ndiyo maana nimefunga duka.


Ijumaa, 15 Agosti 2025

Nimeomba baada ya swala ya Ijumaa, sana. Clara kajaribu njia nyingine mbili. Bado bubu. Kasema wale wanaojitolea kawaandikia. Wakijibu, watajibu.

Kesho Khulud na Azan wanakuja kuaga na kumchukua Manal.


Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika haraka, niko chumbani, nimejifanya natafuta udi wa kuwafungia.

Wamekuja baada ya alasiri. Azan mpole kama kawaida, kakaa anakunywa chai. Khulud anapanga begi la Manal, hanitazami sana. Nikampa Manal simu angalau aone ngamia. Nikasema moyoni, picha peke yake nazo ni riziki.

Mtoto kaja na kijiti chake cha kusomea, kile cha ukuti anachofuatishia mstari chuoni. Kakiweka kwenye kioo. Nikamwambia, mama, hicho simu haikijui, weka kidole. Kaweka kidole kwenye alifu. Na hakukinyanyua! Mie ndiye niliyewafundisha, kijiti hakinyanyuki mpaka mstari uishe, ukinyanyua umepotea. Basi kakiburuza tu, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole.

"Be," akasema Twaha.

Wallahi. Kutoka kwenye simu. "Be." Halafu "Te."

Sie wote tuliokuwa tunagusagusa kama tunapima pasi ya moto! Kidole kikiburuzwa, mkalimani anadhani ni mshale unapita.

Mikono ya Khulud ikasimama juu ya begi. Nikangoja aseme, zima simu hiyo. Hakusema. Kakaa chini pale pale alipo, kwenye mkeka, mgongo kwenye mlango, kafunga macho. Manal kamwambia, "Mama, huyo ni Babu, itikia." Na Khulud, sauti ndogo sana, "Jimu."

Ndipo nikaja huku kutafuta udi.

Si zote zinazotoka. "The" imeruka. Dali nayo imeruka. Clara alishasema, mkalimani mengine hayapati. Nawasikia kutoka hapa, watatu wanapokezana, simu, mtoto, mama. Sini. Shini. Swadi imetoka safi. Dhwadi, kimya, Manal kaisema mwenyewe. Twe. Dhwe.

Azan anauliza gari aite sasa au bado.

Aini. Imetoka.

Inafuata ghaini. Yaani katika zote, Mola wangu, hiyo isiruke.

Ndege inapita, bati lote linatetemeka, sisikii kitu. Pita basi, pita!

Imepita.

Kimya.

Kikohozi! Sijui ni cha babu au cha mjukuu. Na Khulud anacheka, au analia, ngoja niende —