Mreno Kwenye Kiti Chako

Baba,

Mreno amekaa kwenye kiti chako, na aliyemkalisha ni mimi.

Najua, najua. Barua haianzi hivyo. Salamu kwanza, khabari baadaye. Haya, assalamu alaykum Baba yangu, Mungu akutilie nuru huko uliko. Sisi wazima. Ami Khelef, mdogo wako, siku hizi anasali kwa kukaa, magoti yamemkataa, lakini mdomo mzima kabisa. Mwanangu Maryam bado anasomesha kwenye ile skuli ya watoto wa kigeni. Nyumba yetu ya hapa Maskati, Bawshar, iko vile vile, ila kiyoyozi chako kilichokuwa kikikoroma tumekibadilisha, na sasa kimya chake ndicho kinachonikera. Mie sijatulia, Baba. Tangu Ijumaa, wallahi, nnakaa nnasimama, nnakwenda jikoni nnasahau nnachokifuata. Leo Alkhamisi. Kesho huyo Mreno anataka kuja tena, na Maryam amenipigia simu mara nne kuniuliza amjibu nini.

Ngoja nikuhadithie kwa utaratibu, usije ukasema binti yako anarukaruka.

Tangu ufe hatukucheza karata. Nilizifunga kwenye leso yako nyeupe nikaziweka juu ya kabati, miezi saba sasa. Ijumaa ile Maryam akaja na mwalimu mwenzake kula chakula cha mchana, mwanamke mcheshi, jina lake Inesi. Nikamuuliza kwao wapi, akasema Ureno. Upawa ulinisimama mkononi.

Maana nilikusikia pale pale. Hatukupita Maskati ya kale hata siku moja usipunguze gari chini ya zile ngome mbili za majabalini. "Watazameni wezi waliosahau nyumba!" Kisha somo linaanza, utadhani hukustaafu ualimu: walivyokuja na mizinga, walivyoutia moto mji, walivyowakata watu pua na masikio, wakenda kuwatesa na ndugu zetu wa pwani kule; na wazee wetu walivyowatoa hapa, kisha wakawafuata mpaka Mombasa. Na mwisho: "Mreno hana jema alilotuachia, hana!" Sisi viti vya nyuma tunalisema pamoja nawe, unakasirika.

Lakini mgeni ni mgeni. Nikampakulia biriani, akala, akaomba tena. Baada ya kahawa Ami Khelef akatutazama akasema, "Leo tumetimia wanne." Sijui kilichoninyanyua. Nikaiteremsha leso.

Ami akaanza kumfundisha mchezo wetu, wahedi-u-sitini: ree, ile karata ya moja, ndiyo kubwa, kisha seti, saba yetu, inayowala wazungu wote wa picha, na mwenye kufika sitini na moja kashinda. Inesi akaanza kucheka. Maelezo akayamalizia mwenyewe! Tukamwonyesha kopa, uru, shupaza na pau, akazitaja kwa lugha yake karibu vile vile. Kumbe babu yake alimchezesha hivyo kijijini kwao tangu mdogo. Na wewe ukituapia kuwa ni mchezo wa babu zetu wa Unguja! Hapo nilicheka na mimi. Nikasema, lau angekuwapo Baba, leo ningemtania mpaka anune.

Ami na Maryam wakakaa kukabiliana. Vilivyobaki ni kiti changu, na chako kinachonielekea. Nikamwambia akae.

Tulipogawa mara ya tatu, turufu ilikuwa kopa. Mie sina kitu mkononi. Nikamtazama mwenzangu nione uso wake unasema nini, naye akausukuma ulimi ndani ya shavu la kushoto. Kidogo tu. Akaurudisha.

Baba. Ile yetu.

Unaikumbuka Hamriya, vile vyumba viwili juu ya duka la vitambaa? Nna miaka tisa, Mama ana homa, meza imepungua mtu. Ukaniita jikoni, ukachutama mpaka uso wako ukawa sawa na wangu, unanukia kahawa. "Ukiniona hivi, jua seti ya turufu nnayo. Nimeibuni mwenyewe. Siri yangu na yako, hata mamako asijue." Tukaiba hivyo miaka arubaini na kitu. Siku uliyoniozesha, nnalia wanawake wamenizunguka, ulipita mlangoni ukanisukumia ulimi shavuni, nikacheka na machozi yangu. Na hospitali, ulimi ulipokwisha kukukataa kusema, uliweza hilo tu. Uliusogeza shavuni. Daktari hakuona kitu. Mie nikajua kuwa unanijua.

Sasa Mreno ananifanyia mezani kwangu, kiti chako, tena hata hafichi, anasema kwao ni sehemu ya mchezo! Na Ami Khelef akapiga meza: "Hiyo! Hiyo hiyo! Kaka kanila nayo umri wangu wote!" Akacheka mpaka akapaliwa. Kwa hiyo na yeye alijua. Siri gani hiyo inayojulikana Ureno na Unguja?

Nikaziweka karata chini, nikasema kichwa kinaniuma, nikenda chumbani nikafunga mlango. Mgeni akaondoka hajui kosa lake. Hilo nalo linaniuma, maana hukutulea hivyo.

Wiki nzima nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga. Jumatatu nikaendesha gari mpaka Maskati ya kale, sikushuka, nikazizunguka ngome mara tatu hata askari akaanza kunitazama. Nikatoka hapo nikenda Yiti, kule ufukweni, nikafika, nikageuza. Njia nzima nnakusemesha wewe. Nani alikufundisha? Babako? Na yeye kafundishwa na nani? Ulipokuwa ukimlaani Mreno viti vya mbele, ulijua kuwa mchezo wake umo shavuni mwako? Na kama ulijua, kwa nini uliniambia umeibuni? Nilikukasirikia, Baba. Miezi saba nakulilia tu, sikujua kama maiti hukasirikiwa. Nisamehe.

Leo asubuhi nilikuwa nikiosha dele la kahawa, harufu ikanipanda, nikajikuta Hamriya. Nikatazama vizuri. Jikoni mule hapakuwa na Mreno. Palikuwa na wewe umechutama, goti linakuuma, meza nzima inakungoja, nawe unasema na mtoto wa kike wa miaka tisa kama mtu mzima mwenzako. Ishara inaweza kutoka popote. Aliyechutama ni wewe. "Nimeibuni mwenyewe." Muongo wee! Nikacheka peke yangu mikono ina povu, kisha nikalia, kisha nikamaliza vyombo.

Na zile ngome, Baba, wazee wetu walizitwaa wakaingia wao. Sikukusikia hata siku moja ukisema zivunjwe.

Nimempigia Maryam. Mgeni aje kesho. Nitamuomba radhi mwenyewe kwa mdomo wangu, na nitampikia mkate wa kumimina. Kaburini kwako nitakuja asubuhi kabla yao, nikusomee, nikuage vizuri, kwani siku ile ya hospitali sikukuaga; nilidhani una siku nyingine.

Ila nakuahidi hili. Kiti chako hatokikalia tena. Atakaa changu. Chako nitakaa mimi, mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nikiipata seti ya turufu nitausukuma ulimi shavuni, nimtazame aliyekaa pale nilipokuwa nikikaa, nijue ulikuwa ukiona nini.

Mungu akulaze pema, Baba yangu muongo.

Mwenzako wa mezani,
Zuwena